Santuri ya Ukumbusho: Nani Alizichagua Nyimbo Hizi?

(Somo hili lilisemwa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Hapa limepigwa chapa ili mlisome tena darasani, polepole, kila mtu kwa zamu yake. Maneno mapya yameelezwa mwanzoni. Zoezi na maswali yako mwishoni.)

Natumaini nyote mmekwisha kaa. Mama mwenye mtoto amepata mahali pa kuegemea, na aliyesahau miwani yake nyumbani amekaa karibu na mwenzake asomaye kwa sauti. Vizuri. Tuanze.

Katika somo lililopita tulijifunza kusoma stakabadhi ya mauzo ya korosho. Tuliona kwamba mtu asiyeweza kusoma stakabadhi yake hana budi kumwamini karani kwa kila neno. Leo tutasoma kitu kingine chenye majina na namba. Tutasoma jalada la santuri.

Najua wako watakaosema, “Mwalimu, santuri ni mambo ya starehe. Sisi tumekuja kujifunza mambo ya maana.” Ngojeni kidogo. Mwisho wa somo mtaniambia wenyewe kama jambo hili lina maana au halina.

MANENO MAPYA YA LEO

Santuri: sahani nyeusi, nyembamba, ya mviringo, ambayo ndani yake imehifadhiwa sauti ya muziki.

Jalada: mfuko wa karatasi ngumu ambamo santuri hutiwa ili isipate mikwaruzo. Juu yake huandikwa jina la bendi na majina ya nyimbo.

Mkusanyiko: vitu vingi vilivyotolewa mahali mbalimbali vikawekwa pamoja.

Ukumbusho: jambo au kitu kinachotufanya tusisahau.

Hakimiliki: haki ya mtu aliyetunga kitu, mathalani wimbo au kitabu, kutambuliwa kuwa ni chake na kupata faida yake.

JALADA BILA SAHANI

Nilitembelea darasa la Kitaya. Wengi wenu mnakijua kijiji hiki. Kiko Mtwara, kando ya mto Ruvuma, upande wa chini ambako mto unaelekea baharini. Bondeni watu hulima mpunga, mahali pa juu iko mikorosho, na ng’ambo ya maji ni nchi ya Msumbiji.

Mama mmoja wa makamo alifika darasani na kitu alichokifunga katika kanga. Alipokifungua tuliona jalada la santuri. Lilikuwa na upana wa futi moja hivi, na pembe zake mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nikatia mkono ndani nitoe santuri. Hamkuwa na kitu.

“Sahani yake iliungua, mwalimu,” akasema.

Hakuna mtu aliyeuliza iliunguaje. Mwezi wa Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu wenye silaha waliotoka ng’ambo ya mto. Watu waliuawa na nyumba zilichomwa moto. Nyumba ya mama huyu ilikuwa miongoni mwa hizo. Ndani yake mlikuwa na gramafoni ya marehemu kaka yake, na santuri zote alizozinunua kaka huyo enzi za ujana wake. Jalada hili moja lilisalimika kwa bahati tu. Watoto walikuwa wamelichukua zamani kwa shangazi yao Mtwara mjini, wakalifanya kipepeo cha kupepea mkaa.

Miaka yote mama huyu aliliona jalada lile kama picha. Siku ile alitaka kulisoma. Akaweka kidole chini ya neno la juu, akalisoma silabi moja moja kama tulivyomfundisha: u, ku, mbu, sho. Akalirudia kwa pamoja: ukumbusho. Kisha akasoma jina la mtu: Mbaraka. Akanyamaza kidogo, akaligeuza jalada upande wa nyuma. Huko alikuta orodha ya nyimbo, zimegawanywa upande wa kwanza na upande wa pili. Akazisoma moja baada ya moja. Kila aliposoma jina la wimbo, wazee wawili waliokaa nyuma waliuanza kuuimba kabla hajafika jina la pili, na darasa zima likaitikia.

Alipomaliza orodha alirudi juu, akaisoma yote mara ya pili. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, mbona wimbo alioupenda kaka yangu kuliko zote haumo? Nani alizichagua hizi?”

Swali hilo ndilo somo letu la leo. Mwanafunzi anayesoma yaliyoandikwa amefanya vizuri. Mwanafunzi anayeuliza juu ya yale yasiyoandikwa amepiga hatua kubwa zaidi.

SAHANI NDOGO NA SAHANI KUBWA

Kwanza tuelewe santuri inavyofanya kazi. Ukiitazama kwa karibu utaona mfereji mwembamba sana unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Mfereji huo haukunyooka. Una mawimbi madogo kushoto na kulia, na mawimbi hayo ndiyo sauti. Sahani inapozunguka, sindano ya gramafoni hupita ndani ya mfereji na kutikisika kwa kuyafuata mawimbi. Mtikisiko huo hukuzwa na mashine, nasi tukasikia gitaa, tarumbeta na sauti ya mwimbaji.

Wakati wa bendi za dansi za zamani zilikuwapo santuri za namna mbili zilizojulikana sana. Ya kwanza ni sahani ndogo, ambayo upana wake ni inchi 7. Hiyo huzunguka mara 45 kwa dakika. Kila upande wake kwa kawaida huchukua wimbo mmoja wa dakika 3 au zaidi kidogo. Kama wimbo ni mrefu, hukatwa sehemu mbili: sehemu ya kwanza upande huu, na sehemu ya pili upande wa pili. Wazee wetu walipokuwa wakicheza dansi nyumbani, mtu mmoja alikaa karibu na gramafoni kazi yake ikiwa ni kugeuza sahani.

Ya pili ni sahani kubwa, yenye upana wa inchi 12. Hiyo huzunguka polepole zaidi, kiasi cha mara 100 kwa kila dakika 3. Kwa kuwa ni pana na haina haraka, kila upande wake huweza kuchukua muziki wa dakika 20 na zaidi. Sahani kubwa za namna hii zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948, na zile ndogo za mizunguko 45 zilifuata mwaka 1949.

Sasa fikirini. Bendi inatoa wimbo mmoja mwaka huu katika sahani ndogo, na mwingine mwakani. Baada ya miaka kumi bendi ina sahani ndogo nyingi zilizotawanyika. Nyingine zimevunjika, nyingine zimepotea, nyingine zimekwaruzwa hadi sindano inaruka. Hapo kampuni ya santuri husema: tuzikusanye nyimbo zilizovuma kuliko zote, tuzitie katika sahani kubwa moja. Mnunuzi atapata nyimbo nane au kumi kwa pamoja. Hiyo ndiyo inayoitwa santuri ya mkusanyiko. Mtu hupika vyungu vingi mwaka mzima, lakini siku ya sherehe hupakua kutoka kila chungu kidogo, akaweka katika sinia moja.

Ni jambo zuri. Lakini katika kupakua kuna kuchagua. Na palipo na kuchagua, kuna kilichobaki chunguni.

MTU WA JALADA LILE

Mbaraka Mwinshehe alikuwa nani? Vijana wa darasa huenda hawamjui, ingawa nyimbo zake husikika hata leo redioni. Alizaliwa mwaka 1944, akawa mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz Band. Bendi hii ilikuwa ya mji wa Morogoro. Siku zile kila mji mkubwa ulijivunia bendi yake. Tabora walikuwa na Tabora Jazz. Tanga walikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Dar es Salaam ilikuwako Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, bendi iliyochukua jina la mji wa pwani yetu ya kusini. Na Morogoro kwenyewe ilikuwako bendi nyingine maarufu, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye alifariki mwaka 1965. Bendi hizi mbili za Morogoro zilishindana, na ushindani huo uliwafaidi wasikilizaji.

Mbaraka aliimba juu ya mapenzi, shida, urafiki na mambo ya nchi. Alipokwenda Osaka, Japani, mwaka 1970 kwenye maonyesho makubwa ya dunia, safari hiyo ilizaa wimbo uitwao Expo 70. Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano. Wimbo wake uitwao Shida ulipendwa mno, hapa Tanzania na kwa jirani zetu wa Kenya.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya santuri zenyewe, maana hapa ndipo jibu la yule mama linapoanzia. Bendi za Tanzania zilirekodiwa kwa wingi na Radio Tanzania Dar es Salaam. Fundi alinasa muziki katika mikanda ya sauti, na mikanda ikawekwa maktaba ili ipigwe redioni. Lakini mkanda wa redio si santuri. Mtu wa Kitaya hakuweza kwenda dukani kuununua. Kazi ya kuchapa santuri za bendi zetu ilifanyika zaidi Nairobi, Kenya, ambako kulikuwa na kampuni na mitambo. Kwa hiyo wimbo uliorekodiwa Dar es Salaam ukabaki redioni tu ulikuwa na njia moja ya kumfikia msikilizaji. Wimbo uliochapwa Nairobi ulikuwa na njia mbili.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulikuja kufunguliwa tena mwaka 1983. Katikati ya miaka hiyo, Januari 1979, Mbaraka alipata ajali ya gari Mombasa, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Polygram ya Kenya ilizikusanya nyimbo zake, ikazitoa katika mfululizo wa santuri kubwa. Mfululizo huo ukapewa jina Ukumbusho, na santuri zake zikatiwa namba: ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Jalada la yule mama lilikuwa la mojawapo ya hizo. Ndiyo maana neno la kwanza alilolisoma halikuwa jina la bendi. Santuri hizo zilitolewa kama watu wanavyosoma hitma au misa ya marehemu, ili jina lake lisifutike.

NANI HUCHAGUA, NA KWA MIZANI GANI?

Sasa turudi kwenye swali. Mwenye kuchagua nyimbo za mkusanyiko ni kampuni inayotoa santuri. Mara nyingine humwuliza mwanamuziki mwenyewe. Lakini mwanamuziki akiwa amefariki, hana nafasi ya kusema, “Huu nao utieni.” Mchaguzi hupima kwa mizani minne. Iandikeni katika daftari.

Mizani ya kwanza ni mauzo. Wimbo ulionunuliwa sana zamani hutiwa kwanza, kwa sababu mfanyabiashara anatumaini utanunuliwa tena. Wimbo uliopendwa na watu wachache, hata kama waliupenda kwa machozi, hukaa nyuma.

Mizani ya pili ni umiliki. Kampuni hutia nyimbo ilizo na haki nazo. Wimbo uliorekodiwa na kampuni nyingine, au na redio, hauwezi kuchukuliwa hivi hivi. Ni kama shamba: huwezi kuvuna minazi ya jirani kwa sababu tu nazi zake ni nzuri.

Mizani ya tatu ni nafasi. Sahani ina dakika zake. Wimbo wa dakika 10 unachukua mahali pa nyimbo tatu. Basi mchaguzi huenda akauacha mrefu, au akatia sehemu ya kwanza na kuiacha sehemu ya pili. Nanyi mnajua kwamba katika muziki wa dansi utamu mara nyingi uko sehemu ya pili, pale mwimbaji anapokaa kimya na magitaa yakajibizana, watu wakaacha viti.

Mizani ya nne ni uzima wa mkanda. Mkanda wa asili ukipotea, ukilowa au ukiota ukungu, wimbo hautoki. Hata uwe bora namna gani.

Tazameni mizani hizo nne. Hakuna hata moja inayouliza, “Kaka yake mama wa Kitaya aliupenda wimbo gani?” Mchaguzi hakumdharau kaka yule. Hakumjua tu.

MFANO WA MTOTO WA ZANZIBAR

Msidhani mambo haya ni ya kwetu peke yetu. Mwaka 1946 alizaliwa Zanzibar mtoto aliyeitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka India. Mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi, jamaa yake ilihamia Uingereza. Kijana huyo alipokua alijiita Freddie Mercury, akawa mwimbaji wa bendi ya roki iitwayo Queen, ambayo nyimbo zake zilienea dunia nzima. Alifariki mwaka 1991.

Mwaka 1981 bendi ya Queen ilitoa santuri ya mkusanyiko wa nyimbo zake zilizovuma. Santuri iliyouzwa Uingereza ilikuwa na nyimbo 17. Lakini ile iliyouzwa Marekani haikuwa na orodha ileile. Kwa nini? Kwa sababu nyimbo zilizovuma Uingereza si zote zilizovuma Marekani, na kila soko lilipakuliwa sinia lake. Bendi ni moja, mwaka ni mmoja, jina la santuri ni moja, orodha mbalimbali. Mtu wa Marekani na mtu wa Uingereza wangeweza kubishana usiku kucha juu ya nyimbo bora za Queen, na kila mmoja angeshika jalada mkononi kama ushahidi.

Mkusanyiko huo uliuzwa sana hata mwaka 2022 ulikuwa wa kwanza katika Uingereza kupita nakala milioni 7. Pia kuna tofauti moja kubwa na Mbaraka. Watu wa Queen walikuwa hai mkusanyiko ulipotoka, wakala matunda yake. Mbaraka alikuwa kaburini.

Kwa hiyo jifunzeni hivi: neno “bora” juu ya jalada ni maoni ya mtu. Laweza kuwa maoni mazuri, lakini ni maoni. Lisome, kisha uulize: bora kwa nani?

ZILIZOBAKI CHUNGUNI

Nyimbo zilizoachwa zinakwenda wapi? Nyingine hulala katika mikanda ya redio. Maktaba ya Radio Tanzania ilirithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, yaani TBC. Nyingine zilinakiliwa katika kaseti, na kaseti ikanakiliwa tena, hata sauti ikawa kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Tena wanamuziki hawakupata senti moja katika kaseti hizo za kunakili. Nyingine zimo vichwani mwa wazee tu.

Watu wa mbali nao walifanya mikusanyiko yao ya muziki wetu. Mwaka 1995 ulitolewa Marekani mkusanyiko wa nyimbo za dansi za Tanzania za miaka ya 1960, nao ukaitwa Dada Kidawa. Huko Ufaransa kampuni ya Buda Musique ilitoa mfululizo uitwao Zanzibara, wenye taarabu na dansi ya pwani yetu. Tunawashukuru watu hao, maana walihifadhi nyimbo ambazo wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuzisahau. Lakini mchaguzi aliye mbali huchagua kwa masikio yake na kwa wanunuzi wake.

Kuna sheria pia. Tanzania ina sheria ya hakimiliki iliyopitishwa mwaka 1999, na iko Ofisi ya Hakimiliki, iitwayo COSOTA. Mtunzi anaweza kuandikisha kazi yake huko. Nawaambieni jambo hili kwa sababu kati yenu wako watunzi. Mwenye kuimba kwenye ngoma ya mavuno ni mtunzi. Mwenye kwaya ni mtunzi. Mtu huyo akiandika wimbo wake katika daftari, akatia jina lake na tarehe, amekwisha kuweka alama ya mpaka katika shamba lake. Asipoandika, siku ya ugomvi atashuhudia kwa mdomo mtupu.

ORODHA YA KITAYA

Baada ya swali la yule mama, darasa la Kitaya lilikubaliana kufanya mkusanyiko wake. Hawakuwa na mitambo. Walikuwa na daftari la kurasa 96 na kalamu mbili. Walisema: tuandike nyimbo 10 ambazo hatutaki zipotee.

Ndugu zangu, kazi hiyo ilichukua siku tatu, na ilileta ubishi kuliko mkutano wa kijiji. Wazee walitaka nyimbo za dansi. Vijana walitaka bongo fleva. Mzee mmoja alisema bila sindimba hakuna orodha. Akina mama walitaja nyimbo za kutwangia na za kubembeleza watoto, na mwanamume mmoja akasema hizo si nyimbo, ni kazi za nyumbani. Alijibiwa ipasavyo, sina haja ya kurudia maneno aliyojibiwa.

Kisha likazuka jambo zito zaidi. Msichana mmoja alitaja wimbo wa unyago. Bibi aliyekuwa kimya tangu asubuhi akasema, “Huo hauandikwi, mjukuu wangu. Una mahali pake na watu wake.” Darasa likajadili, wakakubali. Wimbo ule haukuandikwa.

Hapo wanafunzi waliona kwa macho yao kazi ya mchaguzi. Walikuwa na nafasi 10 tu, kama sahani ilivyo na dakika zake. Walilazimika kuacha. Lakini wao waliandika pia sababu za kuacha, katika ukurasa wa mwisho, ili atakayesoma baadaye ajue kwamba orodha yao si nyimbo zote za Kitaya. Kampuni za santuri mara nyingi haziandiki ukurasa huo.

Kwa kila wimbo waliandika mambo matano. La kwanza, jina la wimbo, au maneno watu wanayoujulia. La pili, nani aliutunga, kama anajulikana. La tatu, bendi gani au ngoma gani. La nne, uliimbwa lini na wapi. La tano, nani katika darasa ameukumbuka. Jambo hili la tano msilidharau. Siku moja mtu atataka kuuliza zaidi, naye atajua aende nyumba gani.

Na ule wimbo wa kaka yake mama je? Hakuna aliyejua jina lake. Mama aliupiga kwa mdomo, wazee wakasikiliza, wakatikisa kichwa: waliusikia zamani, jina hawalikumbuki. Basi mama akachukua kalamu. Hakuandika katika daftari. Aliandika mwenyewe ndani ya jalada, pale ambapo zamani ilikaa sahani: kwamba uko wimbo mwingine, huanza kwa gitaa moja peke yake, na marehemu kaka yake aliupiga kila jioni aliporudi shambani. Akaandika jina la kaka yake, akaandika tarehe. Herufi zake zilikuwa kubwa na zilipanda mlima, lakini zinasomeka.

ZOEZI LA HESABU

1. Sahani ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika 1. Wimbo una dakika 3. Sahani itazunguka mara ngapi? (Jibu: 45 mara 3 ni 135.)

2. Sahani kubwa huzunguka mara 100 kwa kila dakika 3. Upande mmoja una dakika 21. Itazunguka mara ngapi? (Jibu: 21 gawanya kwa 3 ni 7. Kisha 7 mara 100 ni 700.)

3. Upande mmoja wa sahani kubwa una dakika 21. Kila wimbo una dakika 7. Zitaingia nyimbo ngapi kwa pande zote mbili? (Jibu: nyimbo 3 kila upande, jumla 6.) Kama bendi ina nyimbo 40 za namna hiyo, ngapi zitabaki nje? (Jibu: 34.)

Litazameni jibu hilo la mwisho kabla ya kufunga daftari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika mizani nne za mchaguzi, ipi ni ya haki kuliko nyingine? Kwa nini?

2. Je, ilikuwa sawa darasa la Kitaya kuuacha wimbo wa unyago? Ni mambo gani katika kijiji chenu hayapasi kuandikwa?

3. Mtunzi akifariki, nani apate faida ya nyimbo zake?

4. Andikeni orodha yenu ya nyimbo 10. Msisahau ukurasa wa mwisho: zipi mmeziacha, na kwa sababu gani.

Mkimaliza orodha, mpeni mwalimu wenu nakala moja, na moja ibaki kijijini mahali pakavu, mbali na mchwa. Ikiwezekana, nakala ya tatu ipelekwe kwa ndugu wa mji mwingine. Mmekwisha kuona kwa nini.

Somo lijalo tutajifunza kuandika barua ya kuomba nakala ya cheti. Njooni na kalamu, na aliye na bahasha kuukuu aje nayo. Kwaherini, ndugu wanafunzi.